Kompyuta Ilisema Nimemchoka Marlee

Marlee aliambiwa kwamba mimi ndiye niliyeomba aondolewe nyumbani kwangu. Sikuomba. Aliyemwambia aliyasoma hayo kwenye kompyuta, na katika wilaya yetu ya Tolliver, hapa kusini mwa Ohio, neno likishaingia kwenye kompyuta linaaminiwa kuliko mtu aliyesimama mbele yako analia.

Naitwa Nadine Prewitt. Shule niliiacha mapema nikaenda kukata kuku kiwandani, na kiwanda kilipofungwa nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mume wangu Royce alifariki, wanangu wakahamia Columbus, nikabaki na vyumba vitupu na televisheni. Ndipo nikaomba kuwa mama mlezi, wa kuwatunza watoto walioondolewa kwa wazazi wao. Watu wa ustawi wa jamii walinikagua kama ng'ombe wa mnadani. Walipima ubaridi wa friji yangu, wakajaribu madirisha kama yanafunguka, wakaniuliza kama niliwahi kuchapwa utotoni.

"Nimezaliwa hapa hapa," nikawajibu. "Nyinyi mnaonaje?"

Marlee aliletwa akiwa na miaka sita, nguo zake ndani ya mfuko mweusi wa taka, kama wanavyoletwa wote. Alikuwa na pumu. Alipenda makaroni na jibini, hakupenda kuguswa kichwa, na alipocheka alifunika mdomo kwa mikono miwili kana kwamba kicheko amekiiba. Kwa muda mrefu alilala na viatu vyake chini ya mto, tayari kuondoka. Siku aliyoviacha mlangoni pamoja na vyangu, niliingia bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Nywele zake zilipoanza kumwingia machoni nilitaka kuzipunguza. Haiwezekani. Kwa sheria zetu, mama mzazi lazima aridhie kwanza, na mama yake hakuwa anapatikana. Basi mtoto akatembea na vibanio kichwa kizima, na mimi nikawa mtu wa kuogopa mkasi.

Kisha wilaya ikaleta Daraja. Hilo ni jina la mfumo wa kuunganisha kompyuta za hospitali, shule, mahakama na ustawi wa jamii, ili mtoto wa malezi akihamishwa, habari za afya yake zimfuate zisipotee njiani. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Niliwahi kuletewa mtoto mwenye kifafa, nikakijua kifafa chake alipoanguka jikoni kwangu.

Walitualika kwenye ukumbi wa maktaba. Kulikuwa na keki yenye daraja la sukari juu yake, na Bwana Lindholm, mkurugenzi wa ustawi wa jamii, alihutubia mpaka daraja likaanza kupinda.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna mtoto wetu atakayesahaulika!"

Jirani yangu Oleta, mlezi kama mimi, akanisogelea sikioni. "Shoga, huyu hata paka hajawahi kumwogesha."

"Nyamaza, tule keki."

Tulipewa kila mmoja neno lake la siri. Nilipofika nyumbani nikaufungua ukurasa wa Marlee. Nikaona jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, na jua la kuchorwa linalotabasamu. Nikabonyeza palipoandikwa dawa. Huna ruhusa. Nikabonyeza palipoandikwa magonjwa. Huna ruhusa. Nikampigia simu Brianne, afisa wa ustawi aliyemshughulikia Marlee.

"Bi Nadine, wewe kisheria si mzazi wake," akasema.

"Na mwalimu wa michezo ni mzazi wake? Maana nasikia yeye anaona kila kitu."

"Shule ina ruhusa yake."

"Lakini dawa nampa mimi, mwanangu."

"Ndiyo, Bi Nadine. Kwa hiyo tayari unazijua, si ndiyo?"

Ni vigumu kubishana na mtu aliyekosea kwa upole namna ile.

Januari baridi ikaja na kifua cha Marlee kikambana. Muuguzi wa chumba cha dharura alinishika bega. "Usisubiri midomo iwe ya bluu. Ukisikia kifua kinapiga filimbi na pampu ya dawa haisaidii, mlete." Nikafanya kama alivyosema. Nilimpeleka, wakamtuliza, tukarudi. Baridi ikazidi, nikampeleka tena, na tena. Kila mara tulipopita ule mlango, Daraja lilituma taarifa kwa kila mwenye kompyuta, na mimi nikadhani hiyo ni heri: sasa wote wanajua mtoto anaumwa.

Ijumaa moja Brianne akaja, hakuvua koti.

"Mfumo umewaka nyekundu," alisema. "Safari nyingi za hospitali ndani ya mwezi mmoja. Inaonyesha nyumba haimudu mahitaji ya mtoto."

"Inaonyesha mtoto ana pumu."

"Najua. Lakini rangi nyekundu hatuwezi kuiacha hivi hivi. Tumepata familia yenye kijani kitupu."

"Kijani kwa sababu gani? Watoto wao hawaumwi?"

"Hawaendi hospitali."

"Brianne, umejisikia ulichosema?"

Akatazama viatu vyake. Mfuko mweusi wa taka alikuwa nao chini ya kwapa. Niliukataa, nikatoa sanduku la Royce la kwendea kuwinda, nikapanga nguo za Marlee humo, pampu juu kabisa. Marlee alisimama mlangoni akiwa amevaa viatu. Hakulia. Aliuliza, "Nimefanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu. Nikataka kusema zaidi, Brianne akawa tayari amewasha gari.

Nilikatazwa kumpigia simu, eti azoee kwanza. Lakini Daraja, lililoninyima kila kitu alipokuwa mezani pangu, lilisahau kuifuta namba yangu. Wiki chache baadaye simu yangu ikapokea ujumbe: Kumbusho, Marlee, Jumanne saa tisa, kwa mshauri nasaha. Mada: kukubali kuachwa na mlezi.

Nilimsomea Oleta.

"Kuachwa na mlezi gani?" akauliza.

"Mimi."

"Haki ya Mungu nitawachoma moto."

"Kaa chini. Nipe lifti."

Tulimkuta Bwana Lindholm ofisini, na Brianne akaitwa. Bwana Lindholm aligeuza kioo cha kompyuta ili nijionee. Sababu ya kuhamishwa: ombi la mlezi.

"Nani kaandika?" nikauliza.

Brianne akawa mwekundu hadi masikioni. "Huwezi kuandika, Bi Nadine. Unachagua. Kwenye orodha kulikuwa na: mlezi amefariki, mlezi amehama, mlezi amemdhuru mtoto, na ombi la mlezi. Hakuna palipoandikwa kwamba mfumo ndio umesema. Nikachagua iliyo laini kwako. Ulitaka nichague kwamba umempiga?"

"Kwangu ni laini. Kwa Marlee je?"

Namwonea huruma binti huyu, na huruma yenyewe inaniudhi.

"Irekebisheni," nikasema.

Bwana Lindholm alikunja mikono. "Mama, taarifa ikishasambazwa haivutwi. Iko mahakamani, iko shuleni, iko kwa mshauri. Huo ndio uzuri wa mfumo. Tunachoweza ni kuongeza maelezo."

Akaongeza maelezo, nikitazama: mlezi wa zamani anapinga uamuzi. Nayo ikasambazwa. Sasa hakimu, mwalimu wa michezo na hospitali nzima wanajua kwamba nilimfukuza mtoto kisha nikaja kugomba.

"Basi mwambieni Marlee mwenyewe," nikasema. "Kwa mdomo. Yuko mwendo wa saa moja tu kwa gari."

"Ombi hilo tutalipeleka kwa njia ya mfumo," akasema Bwana Lindholm, akasimama ili tujue tumemaliza.

Tangu siku hiyo, katika taarifa za wilaya Daraja linasifiwa kwa kupunguza safari za watoto wa malezi hospitalini. Za Marlee zimo katika hizo zilizopungua. Kama ni kwa kuwa amepona, au ni kwa kuwa hakuna anayesikiliza kifua chake, sina ruhusa ya kujua.

Simdai mtu pesa wala heshima. Brianne, uliyechagua ile sababu, na Bwana Lindholm, uliyekataa kuifuta, mnadaiwa kupanda gari, kuketi mbele ya mtoto wa miaka saba na kumwambia kwa vinywa vyenu: Bi Nadine hakukufukuza, tulikuchukua sisi. Mpaka leo hamjaenda.