Njia ya Palahala

Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumatatu na kila Alhamisi, Mzee Idadi alitembea njia moja. Ilianzia kwenye nguzo ya zege nyuma ya ofisi ya hifadhi, ikaishia kwenye kisima kilichokauka, kilomita kumi na mbili kasoro kidogo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, madume weusi tii na majike wa kahawia. Akimwona mmoja husimama, hukadiria ni hatua ngapi kutoka njiani, huandika. Hapigi soga, hapigi picha, hapigi chafya. Hilo la chafya ni utani wa madereva wa ofisini, ingawa aliyewahi kufuatana naye hakuucheka sana.

Jina la Mzee Idadi walimpa madereva hao hao, naye akalizoea kuliko alilopewa na babake. Shule aliishia darasa la saba. Bosi wake wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, alimwachia amri moja tu: "Usibadili njia. Ukibadili njia, umebadili swali." Basi akaishika amri hiyo kama mtoto anavyoshika pindo la nguo ya mamake sokoni. Kijito kikifurika, alivuka na daftari kichwani. Mwaka aliofiwa na mama alizika Jumapili, na Jumatatu alikuwa njiani, macho mekundu, anahesabu.

Ilipobaki miezi mitatu astaafu, ofisi ikaletewa mtaalamu wa hesabu, msichana mwembamba mwenye miwani. Wote walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu hata kuku. Alikuja kuyachukua madaftari yote ya mzee na kuyatengenezea modeli, yaani hesabu ya kueleza palahala wanaongezeka au wanapungua, na miaka ijayo watakuwa wangapi.

"Ni hivi, mzee wangu," alimweleza, wamekaa kwenye chumba cha madaftari chenye harufu ya vumbi na mikojo ya popo. "Chukua waliokuwepo mwaka jana, ongeza waliozaliwa, toa waliokufa. Hapo umepata wa mwaka huu. Mengine yote ni mapambo."

"Mapambo gani ya kurasa arobaini, mwanangu?"

"Ndiyo yanayonilisha hayo."

Akamgeuzia kompyuta. Mstari ulikuwa umenyooka kama meza tangu mwanzo hadi mwisho. Ukizidisha walioonekana njiani kwa ukubwa wa eneo, hifadhi nzima ilikuwa na palahala wapatao mia tisa, hawazidi, hawapungui. Kwa mstari huo ofisi ilitaka kutoa vibali vya kuwinda madume sitini kila mwaka kwenye bonde la mashariki. Ilingojewa ripoti ya Daktari tu, na sahihi ya mhesabuji. Mzee Idadi alifurahi kama mzazi aliyeambiwa mwanawe kafaulu.

"Kitu kimoja tu kinanisumbua," Daktari akasema. "Mwaka wa kwanza umeandika hatua themanini, tisini, mia. Siku hizi unaandika kumi, kumi na mbili. Macho yako yamechoka, au wao ndio wamesogea?"

"Wamenizoea," alijibu, na hakuficha majivuno. "Yupo jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Huyo nusura anisalimie."

Daktari hakucheka. Akarudi kwenye kompyuta yake, akaanza kuandika hatua za miaka yote kwenye safu moja.

Jioni mzee alimsimulia mkewe maneno hayo kama mtu anayesimulia sifa zake. Mkewe alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, mwanamke asiyepoteza maneno, na alikuwa anapiga pasi sare ya kesho.

"Baba watoto," alisema bila kuinua macho, "mimi nikiwahesabu watoto wanaoletwa kliniki tu, nitaapa mtaa mzima una afya. Wasioletwa nitawajuaje?"

Pasi iliendelea kwenda na kurudi. Mzee Idadi aliifuata kwa macho. Alijua fika kwamba bonde la mashariki hakuwahi kulikanyaga kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu halikuwa kwenye njia.

Walikwenda bondeni Jumanne, yeye, Daktari na askari mmoja mwenye bunduki. Walitembea saa sita. Nyasi zilikuwa ndefu, hazijaliwa na mnyama yeyote. Mapito ya zamani ya wanyama yalikuwa yamefukiwa na magugu. Kwenye miti kulikuwa na nyaya za mitego, nyingine zina kutu, nyingine mpya zinameremeta. Waliona mafuvu yaliyokatwa pembe. Palahala hai waliwaona wanne, nao walitimua mbio kwa mbali sana.

"Wategaji wanaijua ratiba yako kuliko mkeo, mzee," askari alisema. "Kwenye njia yako hawakanyagi."

Hakukuwa na haja ya kompyuta kulielewa hilo. Palahala walikuwa wameuawa huko kote miaka nenda miaka rudi, na baadhi ya waliosalia walisogea pale walipoona pana amani, na pale palikuwa kwenye njia yake. Yeye akawakuta arobaini, akaandika arobaini, na hifadhi ikalala usingizi. Mzee Idadi aliketi juu ya jiwe. Aliona haya kumtazama yule binti usoni.

Mkuu wa hifadhi hakupendezwa. "Mzee, umebakiza wiki tano. Cheti chako kimeshachapwa. Miaka ishirini na sita ya takwimu, leo unataka tuandike ilikuwa bure?"

"Andika kwamba niliowaona walikuwepo," alisema Mzee Idadi. "Kosa ni kusema na wengine wapo. Sahihi sitii. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akatoka. Daktari akaijenga modeli upya, kwa hatua za madaftarini, zilizoonyesha walivyoisogelea njia, na kwa yale waliyoyaona bondeni. Safari hii mstari uliporomoka. Palahala waliobaki hawakufika mia moja na ishirini. Hapo vibali vikawekwa kando, na mkuu akaacha kumsalimia mzee.

Wiki ya mwisho Daktari alimwita tena kwenye chumba cha madaftari. Mlango aliufunga kwanza.

"Theluthi ya waliobaki wapo kwenye njia yako, mzee wangu. Ukiondoka nani atatembea?"

"Hakuna. Nafasi imefutwa."

"Basi wategaji wataijua habari hiyo kabla ya mwezi kwisha. Na hawa wako hawamwogopi mtu. Nimejaribu kuliingiza hilo kwenye hesabu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kila nikiliingiza, wanaisha."

Nyumbani mzee alikaa kitandani na viatu vyake. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega. "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali.

Alhamisi ya mwisho mzee aliondoka alfajiri, mifuko yote ya koti imejaa mawe. Kwenye kilomita ya nne aliwakuta. Jike wa sikio lililochanika alikuwa hatua kumi, ndama wake ubavuni. Aliinua kichwa, akamtazama kama siku zote, akarudi kwenye majani.

Jiwe la kwanza lilimpita. Hakukimbia, alirudi hatua moja akangoja. La pili lilimpata mbavuni. Hapo Mzee Idadi akapiga kelele, sauti ambayo njia ile haikuwahi kuisikia kutoka kwake, akatupa la tatu, la nne, akawakimbilia huku machozi yanamtoka na anawatukana. Wakaondoka kwa kishindo, ndama wakiachwa nyuma na kujikwaa. Kwenye ukingo wa msitu yule jike alisimama akageuka. Mzee akatupa tena, naye akapotea mitini.

Alingoja pumzi irudi. Kisha akatoa penseli sikioni, akaandika kwa mwandiko wake ule ule: Majike kumi na mmoja, ndama watatu. Hatua mia mbili.

Mbele yake zilibaki kilomita nane. Aliinama akaokota mawe mengine.