Timazi Ndani ya Kalavati

Watu wa barabara humwita Mama Shindilia. Amesukuma mashine ya kushindilia udongo, ile inayorukaruka kama chura aliyekanyaga kaa la moto, mpaka siku hizi hata kikombe cha chai hutetemeka mkononi mwake.

Siku hiyo alirudi kutoka kula akakuta mlima. Dereva wa tipa alikuwa amemwaga udongo wote upande mmoja wa kalavati, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kwa kuwa ndiko gari lilikofika bila taabu. Upande wa pili, mtaro mtupu.

Mama Shindilia aliingia ndani ya lile bomba la bati lenye mikunjo, akatundika timazi, uzi wenye kizito chenye ncha, kwenye bolti ya juu. Asubuhi ncha yake iligusa alama ya chaki pale chini. Sasa ilining'inia kiganja kizima pembeni. Udongo ulikuwa umelisukuma bomba, likaanza kupinda.

"Utoeni wote," alisema alipotoka. "Tabaka la shibiri huku, la shibiri kule, tunashindilia, ndipo lifuate jingine."

Mkandarasi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye dada huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga. "Dada, mvua hiyo inakuja. Tufukie tu, magari yatashindilia yenyewe. Hicho ni chuma, si yai."

"Chuma chembamba, mdogo wangu. Bati halibebi gari. Linalobeba ni udongo uliolibana mbavuni, huku na huku. Ukiwa legelege, mbavu zinatanuka, mgongo unabonyea."

"Nyumbani mimi ni mdogo wako. Hapa mimi ni bosi. Kama umechoka, mashine nitampa mwingine."

Alikuwa ametonesha kidonda. Kwenye barabara iliyotangulia, kalavati lilifukiwa harakaharaka Mama Shindilia akiwa kitandani na homa. Lilipobonyea, lawama zilimwangukia yeye mwenye jina la kushindilia. Jirani alimwuliza sokoni, mbele za watu, kama siku hizi anashindilia kwa matako. Alicheka pamoja nao. Nyumbani hakula.

"Mpe huyo mwingine," alisema. Akaingia tena bombani, akaketi kando ya timazi, akakunja miguu. "Haya, bosi. Mwaga."

Dereva alizima injini. "Mimi sifukii mama wa watu."

"Dada, toka! Watu wanatazama."

"Watazame. Walishanicheka kwa kosa lisilo langu. Leo wacheke kwa langu."

Mdogo wake alilipiga bati teke, akaumia kidole, akachechemea kulizunguka bomba zima. Hatimaye alishika koleo.

"Ukishindwa kumtoa dada, toa udongo," kibarua mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko huku wakimfuata.

Mlima ulipoondolewa, timazi ilikuwa imerudi nusu tu ya njia. Mama Shindilia alitoka, akaichukua mashine yake bila kumwomba mtu. Alitaka upande uliokuwa mtupu ujazwe kwanza, kidogo kidogo, ulirudishe bomba mahali pake. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka.

"Na mimi?" mkandarasi aliuliza.

"Ingia ndani utazame timazi. Ikifika kwenye chaki, sema."

Bosi aliinama akaingia. Mashine ikaruka, bati likavuma, udongo ukakazana. Dada akaizima.

"Tayari?"

Mvua ilizidi.

"Bado," alijibu mdogo wake kutoka ndani. "Ongeza, dada."