Mume Wangu na Jaji wa Rufani

Mume wangu Nasor ana wivu, na simsingizii. Si juu yangu: mimi ningejifukiza udi nikashinda kutwa nzima nje, asingeuliza nilikuwa kwa nani. Wivu wake wote ulikuwa juu ya Tarsis.

Tarsis alikuja Kariakoo kutoka Kilimanjaro akiwa hakimu kijana, akapanga chumba nyuma ya duka letu la vitambaa. Jioni wakawa wanacheza dhumna barazani, yeye na Nasor upande mmoja. Akapanda mpaka jaji wa Mahakama Kuu, akahamia nyumba ya serikali, lakini Jumamosi lazima aje. Mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa. Nasor peke yake alimwita Tarsis, tena kwa sauti, wapita njia wasikie.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mahakama yake ya rufani nayo ikafa, na mwaka wa sabini na tisa nchi ikaanzisha ya kwake, isiyo na nyingine juu yake. Siku moja redio ikatangaza kwamba Rais amemteua Tarsis kuwa jaji wa Rufani. Nasor alikuwa anamkatia mteja kitambaa, akakikata upogo.

"Asiniambie? Mimi?"

"Labda hakuruhusiwa," nikasema.

"Wewe Hind unajua nini?"

Picha ya kuapishwa Ikulu ikatoka gazetini: Tarsis katikati ya majaji wenzake wawili, wanacheka. Nasor aliikodolea macho mpaka chai ikapoa. Rufani majaji huketi watatu watatu, na Tarsis sasa hakuonekana tena barazani. Alituma salamu kwamba kazi hii haimruhusu kukaa na kila mtu.

"Kila mtu!" Nasor akafoka. "Na hao wawili wake, mbona anakaa nao?"

Akaacha dhumna kabisa.

Nasi tulikuwa na kesi yetu. Hashil, mtoto wa baba mkubwa wa Nasor, alidai duka ni urithi wake, na Mahakama Kuu ikampa. Tukakata rufani, na baada ya hapo hakuna pengine pa kwenda. Siku ya kusikilizwa waliingia majaji watatu, mmoja wao Tarsis. Nikamshukuru Mungu, nikajua duka limepona. Nasor hakumtazama hata Hashil. Alikuwa anawakazia macho wale wawili, amenuna.

Kabla wakili hajafungua mdomo, Tarsis akasema kwa Kiswahili, ingawa pale kilisemwa Kiingereza:

"Bwana Nasor, aliyekata rufani, ni rafiki yangu. Mji huu sina mtu wa karibu kuliko yeye. Siwezi kumwamulia kesi. Najitoa."

Akakusanya karatasi zake, akatoka. Kesi ikaahirishwa, akawekwa jaji mwingine, na watatu hao wakampa Hashil duka.

Siku ya kuhama nilifunga majora ya vitambaa huku nalia. Nasor alikuwa anawasimulia wachukuzi, uso unamng'aa:

"Mbele ya mahakama nzima, jamani! Kasema hana wa karibu kama mimi!"

Nikamuuliza, "Na mimi, mume wangu, uliwahi kunisema hivyo mbele ya nani?"

Akanishangaa.

"Wewe si mke wangu, Hind? Ya nini kukusema?"

Duka nimeshalisahau. Tarsis sijamsamehe.