Namba Iliyogawa Milioni Moja na Moja

Mume wangu Bulle alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Garissa. Mwaka wa 1966 vita viliifunga shule yake, kafyu ikamfungia nyumbani, naye akaanza kutafuta namba inayogawa milioni moja na moja bila kubakiza kitu. Alijaribu namba tasa moja baada ya nyingine, akiandika kwa mkaa kwenye ukuta wangu niliousafisha mwenyewe. Mbili ilikataa, tatu ikakataa, mpaka akafika tisini na saba.

Asubuhi hiyo askari walikuja kusaka bunduki. Walipindua vitanda, wakamwaga maziwa yote ya ngamia. Mimi nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Bulle aliendelea kugawa namba zake.

Askari mmoja alisimama mbele ya ukuta. "Mwalimu, hii ni nini?"

Bulle akamweleza. Askari akafikiri kidogo, akaokota mkaa, akaandika: 101 mara 9,901. Kisha wakaondoka.

Bulle aliutazama ukuta, akanigeukia.

"Wallahi, Kaaha, tasa iliyokuwa inafuata ni hiyo hiyo! Sasa hapo wametuonea."