Mluzi wa Keki ya Wazazi

Jumanne nilikuwa Kilosa, kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo kwenye flashi. Mbele yangu alisimama dada mmoja mwenye daftari, bibi harusi mtarajiwa. Nyimbo zake zote alikuwa amezipanga: ya kuingia ukumbini, ya shampeni, ya zawadi. Kila wimbo ulipoanza alifumba macho, mabega yakacheza, kama vile sherehe imeshaanza.

"Na keki ya wazazi?" mwenye kibanda aliuliza.

"Hiyo huna. Nirekodi."

"Unaimba?"

"Napiga mluzi. Mama atapokea keki peke yake. Marehemu baba akirudi kutoka shambani, tulimjua kwa mluzi tangu yuko kule relini."

"Mwanamke hapigi mluzi, dada."

"Basi ziba masikio, kaka. Simu iache irekodi."

Mwenye kibanda akacheka, akainuka, akazima feni isije ikasikika. Mluzi ukatoka mwembamba, wa mtu asiye na haraka. Foleni nzima tukageuka kutazama upande wa relini.

Nimerudi Mikumi nikijiuliza wanangu watanikumbuka kwa sauti gani. Naogopa ni ile ya "Nani kaacha mlango wazi?"