Kerezo Lililokatwa Miguu

Tangu Muthoka arudi kutoka Mavoko bila vidole vitatu vya mkono wa kulia, mama yake, Nzilani, hakupata usingizi wa kushiba. Mashine ya kiwandani ndiyo iliyovila. Kabla ya hapo alikuwa mchongaji hapa Wamunyu, na mchongaji asiyeweza kushika ngomo, lile tezo dogo la kuchongea, atafanya nini? Alikaa tu nyuma ya nyumba. Chakula alikichezea.

Ndipo akaleta chuma chakavu kutoka karakana ya misheni iliyofungwa. Kerezo la zamani, la kukanyaga kwa mguu: mti unazunguka, mtu anauegemezea patasi.

"Hii haitaki nguvu ya mkono, mama."

Nzilani alilitazama gurudumu lake. Mashine tena? Lakini jioni ile Muthoka alimaliza ugali wote, naye akamwacha aendelee.

Muthoka na jirani yao mzee Bartholomew, mchongaji pia, walilisugua kwa mafuta ya taa na mchanga hadi kutu ikaisha. Ukanda wa gurudumu wakaukata kwenye ngozi ya ng'ombe. Zile ncha mbili zinazoushika mti wakazisogeza zikatazamana sawasawa.

Kisha wakafanya kosa la watu wa Wamunyu. Hapa mchongaji huketi chini, miguu kainyoosha. Wakaona miguu ya mbao ya kerezo ni mirefu mno, wakaikata. Kanyagio likagonga ardhi.

"Sasa tuko na kigoda," Bartholomew akasema.

"Mzee, si wewe ulishika msumeno?"

"Na nani alisema kata? Mama Muthoka, wewe ni shahidi!"

Muthoka alicheka. Nzilani alikuwa amesahau kicheko hicho. Wakachimba shimo chini ya kanyagio, mguu ukapata nafasi, gurudumu likaanza kuimba.

Muthoka akafunga kipande cha mti wa mukau, akashika patasi kwa vidole viwili. Mti ukaipokonya, ikaruka hadi ukutani. Akaiokota. Ikaruka tena. Akajaribu mkono wa kushoto, mti ukachanika.

"Wacha, mwanangu."

"Mama, nyamaza kidogo."

Bartholomew akasogea polepole. "Lete nishike mimi. Wewe kanyaga."

Muthoka aliigeuzageuza patasi mkononi. Mwishowe akampa patasi, mpini ukitangulia.

Siku hizi bakuli zao zinapendwa. Wanunuzi humsifu Bartholomew kwamba ana mkono mzuri. Muthoka, mguu ukiwa shimoni, husema tu, "Punguza nguvu, mzee. Mti unalia." Na anakula vizuri, Mungu ashukuriwe.

Juzi Nzilani alimwomba mwanawe bakuli ndogo ya kuwekea chumvi.

"Mwombe mzee," Muthoka akajibu bila kuinua macho. "Bakuli ni zake."