Malori Hayashuki Tena Mteremko Wetu

Ninyi mliosoma nami Kanyabayonga, mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukienda shule mikono mitupu? Watoto wangu wakisikia hivyo wanadhani tulikuwa watoro. Kumbe mifuko yetu ilikuwa imepanda lori.

Kwetu ni chini ya mji, katikati ya ule mteremko unaoshuka hadi uwanda wa mbuga. Ukungu wa asubuhi ukiondoka unaliona ziwa likimetameta mbali, na ukibahatika, tembo wadogo kama punje za maharage. Malori yaliyotoka Goma na saruji na bia yalipanda kwa gia ya kwanza, yakiguna na kutema moshi, polepole kiasi kwamba hata bibi mwenye mzigo wa kuni aliyapita. Sisi tulitundika mifuko yetu kwenye kamba za turubai, tukatembea pembeni tukila viazi vitamu vya kuchoma. Juu kabisa, karibu na shule, kulikuwa na kizuizi ambapo kila lori lilisimama. Hapo kila mmoja alichukua mfuko wake. Mama alikuwa na onyo moja tu, kila siku lile lile: "Hapana tembea mbele ya camion. Tembea pembeni, ile ni mugeni."

Siku moja kizuizi kilikuwa wazi, lori likapita bila kusimama, na mfuko wangu ukaenda Butembo. Nililia hadi kwikwi zikanishika. Mwalimu alinipigisha magoti kwa kukosa daftari. Siku ya tatu lori lile likashuka na kusimama mbele ya nyumba yetu. Shofere wake, Papa Rashidi, Mwislamu wa Beni mwenye kofia isiyotoka kichwani, akatoa mfuko wangu. Ndani mlikuwa na mkate mzima. Daftari la hesabu alikuwa amelisahihisha lote, na chini ameniandikia nirudie jedwali la saba. Mama alicheka hadi akakaa chini. Toka hapo Papa Rashidi akawa mtu wa kwetu, hapiti bila kupiga honi, na bugali na samaki wa Vitshumbi, kule ziwani, vinamngoja.

Vijana wa leo wanaagiza viatu kwa simu, wanavifuatilia njia nzima kwenye kioo, na bado vinapotea hapa hapa Butembo. Sisi anwani yetu ilikuwa "kona ya tatu, kwa Mama Masika", basi. Barua zilifika, kuku walifika, hata mbao za Beni za kutengenezea kitanda changu cha harusi zilifika.

Niliolewa Butembo. Baba alipofariki nilimsihi mama anifuate, akakataa kuacha shamba lake. Papa Rashidi alizeeka, usukani akauchukua mwanawe, Ismaeli. Kila mwezi namkabidhi Ismaeli vidonge vya presha vya mama. Anaondoka Jumatatu, na Jumanne mama ananipigia kusema vimefika. Kwa hiyo siku ile Ismaeli aliposimama kwenye mlango wa duka langu, kifurushi cha mama bado mkononi, nilidhani lori limeharibika tu.

"Yaya Masika, camion hazishuke tena," alisema, akiniita dada mkubwa kama siku zote. "Banafunga njia. Juu kuko basoda, chini kuko bengine."

Askari juu, wapiganaji wengine chini! Nilimwambia aache utani. Nikakaa juu ya gunia la maharage, nikamuuliza tena, akarudia maneno yale yale. Vita tunavijua, jamani. Njia ilikuwa ikifungwa siku mbili tatu, halafu tunasikia honi tena. Sasa ni wiki ya pili. Mpaka naandika haya sijaamini. Mlima ule! Mvua ziliubomoa, wanaume wa vijiji vyote wakaja na majembe, na kabla ya jua kuzama malori yalikuwa yanapita. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kufungwa. Na mama alikuwa amebaki na vidonge vya wiki moja.

Njia aliyoipata Ismaeli ilinishtua kuliko habari yenyewe. Dawa itoke Butembo, ipite Beni, ifike Kasindi, ivuke kuingia Uganda, izunguke huko, irudi Kongo kwa upande wa chini, kisha pikipiki iipandishe hadi kona ya tatu. Siku nne, Mungu akipenda. Kwa woga niliisindikiza mwenyewe mpaka ng'ambo ya mpaka. Mtu wa forodha akafungua kitabu chake, akaniuliza mzigo unatoka wapi. Nikamwambia Kongo. Akaandika, akauliza unakwenda nchi gani.

"Kongo," nikamjibu.

Aliinua kalamu akanitazama. Akauliza tena taratibu, kama unavyomuuliza mtu asiyesikia vizuri, nami nikajibu vile vile. Niliona aibu, na sijui ilikuwa aibu ya nini, maana sikuwa nimekosa. Mwishowe akagonga muhuri.

Zamani, kumfikia mama kulitaka kupunga mkono barabarani tu, lori likapunguza mwendo, ukapanda. Leo ni siku ya tano tangu nchi ya watu iruhusu vidonge vyake vipite, na mama bado hajanipigia simu.